Goti la Mama na Goti Langu: Je, Seli Shina Zitaturudishia Gegedu?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 33, na ninaishi Tanga pamoja na mama yangu mwenye miaka 62. Ninakuandikia kwa sababu familia yetu inakaribia kufanya uamuzi mkubwa wa fedha, na kila ninayemwomba ushauri hunijibu kwa habari za mtu fulani aliyepona.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa mchezaji wa netiboli. Siku moja nilitua vibaya, goti la kulia likajipinda, nikasikia mlio ndani yake, na kabla ya magharibi lilikuwa limevimba. Nilifungwa bendeji, uvimbe ukaisha, nikaendelea na maisha. Miaka miwili iliyopita maumivu yalirudi, hasa ninaposhuka ngazi au ninaposimama darasani vipindi mfululizo, na baada ya siku ya kazi nyingi goti huvimba. Mara nyingine hulegea ghafla nikakaribia kuanguka, ingawa hilo nimekwisha kulizoea. Mwaka huu nilifanya kipimo cha MRI mjini Dar es Salaam. Ripoti inasema kuna tundu katika gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha ya mfupa, la mfupa wa paja, upande wa ndani, lenye ukubwa wa takribani sentimita 3 za mraba. Kwamba gegedu lililobaki ni zima. Na kwamba kano ya msalaba ya mbele ilikatika zamani.

Mama hakuwahi kupata ajali. Amekaanga vitumbua na kukuna nazi kwa miaka mingi, ameketi kwenye mbuzi au kigoda tangu alfajiri. Magoti yake yote mawili yanauma, asubuhi hukakamaa kwa dakika chache, hutoa mlio anapoinuka, na mguu wa kushoto umeanza kuingia tege. Eksirei ilionyesha kwamba nafasi iliyo kati ya mifupa imekuwa nyembamba sana, na pembeni kumeota vinundu vya mfupa. Sasa anaswali juu ya kiti. Ana presha, na ana uzito wa kilo 91. Mwaka jana alichomwa sindano ya goti katika zahanati moja, akapata nafuu kwa wiki kadhaa, kisha maumivu yakarudi. Karibu kila siku humeza diklofenaki, dawa ya maumivu anayoinunua duka la dawa.

Tulikwenda katika kituo kimoja cha binafsi ambako tuliangaliwa sote wawili siku hiyo hiyo, tukaambiwa kwamba tiba yetu ni moja: sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) zinazotokana na damu ya kitovu cha mtoto mchanga, zikifuatiwa na plazma, yaani sehemu ya majimaji, ya damu yetu wenyewe, ambazo zitaotesha gegedu jipya. Bei ni shilingi milioni 6 kwa kila goti, nasi tuna magoti matatu. Walituonyesha picha mbili za eksirei za mgonjwa wao, kabla na baada ya tiba, na kweli nafasi ya goti ilikuwa imefunguka. Jirani yetu naye alichomwa plazma na sasa anatembea hadi sokoni. Kaka yangu aliyeko Muscat anasema yuko radhi tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba. Mama mwenyewe hataki sindano. Anasema apewe vidonge vya kuongeza ute vinamtosha.

Ninaomba unieleze, Daktari: je, gegedu linaweza kuoteshwa upya? Tiba hii inatufaa sote, inamfaa mmoja wetu, au haimfai yeyote? Na kiwanja tukiuze?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya sindano hizo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua barua yangu itasomwa na kaka yako kwa haraka akiwa kazini, nami sipendi aifikie sehemu hii akiwa amekwisha kutafuta mnunuzi. Maelezo yatakuwa marefu, kwa kuwa swali lako la kwanza, kama gegedu linaweza kuoteshwa upya, halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana.

Kosa kubwa la kituo kile, kwa maoni yangu, si bei. Ni kuwatazama wagonjwa wawili wenye maradhi mawili tofauti na kuwaandikia tiba moja. Wewe una tundu katika gegedu ambalo sehemu yake nyingine ni nzima, na tundu hilo lina sababu inayojulikana, yaani ajali. Mama yako ana osteoathraitisi, ugonjwa ambao watu wetu huuita kusagika kwa magoti. Humo si gegedu peke yake lililoharibika, bali pia mfupa ulio chini yake, utando unaozalisha ute, vipande vya meniskasi vinavyokinga mishtuko kati ya mifupa, na mhimili mzima wa mguu, kama tege ulilolieleza linavyoonyesha. Mkeka uliotoboka mahali pamoja hushonwa kiraka na kiraka kikashika, kwa sababu pembeni pake ukindu ungali imara. Mkeka uliochakaa wote hauna pa kuushikiza uzi. Karibu kila ninachokueleza kuanzia hapa kinatokana na tofauti hiyo.

Gegedu la goti ni tabaka laini lenye unene wa milimita chache tu, ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji yaliyoshikiliwa na wavu wa kolajeni (nyuzi za protini) na molekuli zinazopenda maji. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake ni chache, zimefungiwa ndani ya wavu huo, na hupata chakula kutoka katika ute wa goti kila tunapotembea na kulikunja. Mfupa ukivunjika damu huja, huganda, huleta seli za ujenzi, na baada ya wiki kadhaa umeunga; gegedu likichubuka hakuna damu inayofika, na seli zilizo jirani haziwezi kutoka zilipo kwenda kuziba pengo. Daktari William Hunter wa London aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na kwa zaidi ya karne mbili hakuna aliyeweza kumpinga kwa vitendo.

Kwa kuwa gegedu halina mishipa ya fahamu, maumivu mnayoyasikia hayatoki ndani yake. Yanatoka katika mfupa ulio chini, katika utando wa kiungo uliovimba, na katika misuli na kano zinazofanya kazi kupita kiasi. Naomba ulikumbuke jambo hili, kwa sababu biashara yote ya sindano imejengwa juu ya dhana kwamba ukiongeza gegedu maumivu yataondoka, na dhana hiyo imekwisha kupimwa. Dawa iitwayo sprifermini, inayochochea seli za gegedu, ilijaribiwa kwa watu wenye osteoathraitisi ya goti, na matokeo ya miaka miwili yakatangazwa mwaka 2019. Waliopata kipimo kikubwa waliongezeka unene wa gegedu kwa takribani milimita 0.05, ambao ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Lakini maumivu yao hayakupungua kuliko ya wale waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Sasa nije kwenye goti lako. Umeandika jambo moja kwa kulipitia juu juu, kwamba goti hulegea ghafla na kwamba umelizoea. Mimi ningeanzia hapo. Kano ya msalaba ya mbele ndiyo inayozuia muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Ikikatika, goti huyumba ndani kwa ndani, na kila linapoyumba linasugua gegedu na meniskasi. Inawezekana kabisa kwamba tundu lako lilianza siku ile ya netiboli na likapanuka kwa miaka yote iliyofuata kwa sababu ya mlegeo huo. Kituo kilichosoma ripoti yako na kukuahidi gegedu jipya bila kuitaja kano iliyokatika kimekueleza nusu ya ugonjwa wako, tena nusu isiyo ya haraka. Hata seli bora kuliko zote duniani, zikipandwa katika goti linaloyumba, zitasagwa kama zilivyosagwa za kwanza.

Kuhusu kuotesha gegedu katika tundu la aina yako, tiba zipo na zina historia. Katika miaka ya 1980 daktari Richard Steadman wa Colorado, Marekani, alianzisha upasuaji wa kutoboa vitundu vidogo katika mfupa ulio chini ya tundu, ili damu na uboho vitoke juu, vigande na kugeuka tishu mpya. Ni upasuaji mfupi, hufanywa kwa kamera kupitia vitobo vidogo, na hauhitaji maabara. Udhaifu wake ni kwamba tishu inayoota ni gegedu la nyuzi, dhaifu kuliko la asili na lisilohimili msuguano vizuri, na kwa wagonjwa wengi nafuu huanza kupungua baada ya miaka michache, hasa tundu linapozidi sentimita 2 za mraba. Yako ni 3. Huko Hungary, László Hangody alieneza njia nyingine ya kuchukua vijiti vya gegedu pamoja na mfupa wake kutoka pembeni mwa goti lile lile, mahali pasipobeba uzito mwingi, na kuvipandikiza kwenye tundu. Hiyo humpa mgonjwa gegedu halisi, lakini huwezi kuchukua vijiti vingi bila kuacha matundu mapya.

Njia ambayo kwa haki yake inaitwa tiba ya kuotesha upya ni kupandikiza seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe. Ilianzia Gothenburg, Sweden, ambako mgonjwa wa kwanza alifanyiwa mwaka 1987, na mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wakatangaza matokeo ya wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na tundu katika mfupa wa paja, mahali lilipo lako, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana baada ya miaka miwili. Kati ya 7 waliokuwa na tundu nyuma ya pia ya goti, ni 2 tu. Unaona jinsi mahali pa jeraha panavyobadilisha matokeo hata ndani ya goti moja. Leo kazi hufanywa kwa operesheni mbili: katika ya kwanza hukatwa kipande kidogo cha gegedu zima, seli zake hukuzwa maabara kwa wiki kadhaa hadi ziwe mamilioni, na katika ya pili hubandikwa kwenye tundu zikiwa juu ya utando. Marekani iliidhinisha aina iitwayo MACI mwezi Desemba 2016. Uingereza, kupitia NICE, taasisi yake inayoamua tiba zipi zitumike katika hospitali za umma, iliipitisha tiba ya namna hii mwaka 2017, lakini kwa masharti: tundu lizidi sentimita 2 za mraba, goti liwe halijawahi kufanyiwa upasuaji wa kukarabati gegedu, dalili za osteoathraitisi ziwe kidogo sana, na kazi ifanywe katika hospitali ya rufaa yenye ubingwa huo.

Kwa masharti hayo, wewe ungeweza kufikiriwa baada ya kano yako kutengenezwa au vikafanywa pamoja. Mama yako asingefikiriwa hata kidogo, na wala si kwa kumbagua.

Ila usikimbilie. Baada ya upandikizaji mgonjwa hutembea kwa magongo kwa wiki kadhaa, hufanya mazoezi ya kuongozwa kwa miezi, na michezo ya kuruka na kugeuka husubiri takribani mwaka mzima au zaidi. Maabara za kukuza seli za gegedu kwa viwango hivyo hazipo katika hospitali zetu za kawaida, kwa hiyo safari na gharama ni kubwa. Na kwa kuwa umeandika kutoka Tanga na nyumba yenu ni ya watu wa swala, nitalitaja jambo ambalo wauzaji hawalitaji: utando wa MACI hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa dharura ya tiba na wapo wagonjwa wanaokataa. Uamuzi ni wako, lakini ni haki yako kuambiwa kabla ya kisu.

Ninachokushauri ni kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kwa daktari wa mifupa, ukiwa na picha zenyewe za MRI katika diski na si karatasi ya ripoti peke yake, na kuomba rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa goti kwa kamera hufanywa. Mwombe bingwa akupime ulegevu wa goti kwa mikono yake, aangalie hali ya meniskasi, na akueleze kama mhimili wa mguu umenyooka. Wakati unasubiri, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kuimarisha misuli ya mbele na ya nyuma ya paja. Watu wengi wana matundu ya gegedu yanayoonekana kwenye MRI na hawana maumivu yoyote. Si ajabu misuli ikiwa imara na goti likaacha kuyumba, tundu lako likanyamaza usihitaji kupandikizwa chochote.

Nirudi kwenye sindano za kituo kile, ambazo ndizo zinazotaka kumeza kiwanja. Seli shina zikichomwa ndani ya kiungo chenye ute, bila kushikizwa mahali, hazijipangi kwenye tundu na kuwa gegedu. Sehemu kubwa hupotea muda mfupi baada ya kuchomwa. Zinachoweza kufanya kwa muda huo ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe. Swali la haki basi ni hili: je, zinatuliza kuliko sindano za kawaida? Marekani ilifanyika tafiti yenye wagonjwa zaidi ya 400 wa osteoathraitisi ya goti, ikalinganisha uboho uliokolezwa, seli za mafuta ya mwili, seli za kitovu, na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina yoyote ya seli iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu, na picha za MRI nazo hazikuonyesha gegedu lililookolewa. Ipo bidhaa ya seli za damu ya kitovu iliyoidhinishwa Korea Kusini mwaka 2012, na muuzaji anaweza kukutajia hiyo. Mwambie kwamba ile hupandikizwa kwa upasuaji, katika tundu lililoandaliwa, si sindano ya kuchomwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi.

Plazma ya damu yako mwenyewe haina hatari kubwa ikiwa usafi umezingatiwa. Hata hivyo, huko Australia plazma ilijaribiwa kwa watu 288 wenye osteoathraitisi ya goti, nusu wakichomwa plazma na nusu maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua amepata ipi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ya maumivu, karibu sawa, na gegedu liliendelea kupungua karibu sawa. Hapo ndipo alipo jirani yenu. Sisemi anadanganya, anatembea hadi sokoni na tumshukuru Mungu. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, watu huenda kuchomwa siku yanapokuwa yamepanda, na kuhudumiwa kwa sindano, kwa heshima na kwa matumaini kuna nguvu yake. Maji ya chumvi yangempeleka sokoni vilevile, kwa bei ya chini.

Picha za kabla na baada zisikubabaishe. Eksirei haionyeshi gegedu. Inaonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake. Nafasi hiyo hupungua mgonjwa akipigwa picha amesimama, uzito ukikandamiza goti, na hufunguka akipigwa amelala, au goti likikunjwa nyuzi chache tofauti na mara ya kwanza. Mtu anaweza kukuoteshea gegedu kwenye karatasi ndani ya dakika tano bila kukugusa. Ukirudi kwao, uliza kila picha ilipigwa mgonjwa akiwa amekaaje.

Seli za kitovu cha mtu mwingine zina hatari zake pia. Mwaka 2018 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitoa taarifa ya wagonjwa 12 wa majimbo ya Texas, Florida na Arizona waliolazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu. Hizo zilikuwa bidhaa ambazo hazijaidhinishwa, zilizouzwa kwa ahadi zilezile mlizopewa. Mkiambiwa seli zimetoka nje ya nchi, ombeni kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi yetu, kwa maandishi, chenye jina la bidhaa hiyo na si jina la kituo.

Mama yako sasa. Shikamoo yangu imfikie, na umwambie kwamba katika kuikataa sindano ana akili kuliko sisi wengi. Sindano aliyochomwa mwaka jana, kwa nafuu ya wiki kadhaa uliyoieleza, yaelekea ilikuwa steroidi. Moja kwa ajili ya kipindi kibaya haina neno, lakini isifanywe desturi: tafiti ya Marekani ya mwaka 2017, iliyowachoma wagonjwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ilikuta waliopata steroidi wamepoteza gegedu zaidi kuliko waliopata maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Vidonge vya kuongeza ute, ambavyo kwa kawaida ni glukosamini na kondroitini, vilijaribiwa kwa watu 1,583 na matokeo ya mwaka 2006, kwa wagonjwa kwa ujumla, hayakuvitofautisha na kidonge kisicho na dawa. Haviui, fedha yake inunue samaki na mboga.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ya yote uliyoandika. Mwenye presha akiimeza kila siku hupandisha presha, huumiza figo taratibu, na anaweza kutokwa na damu tumboni pasipo dalili ya mapema. Apimwe presha na figo wiki hii. Diklofenaki ya kupaka, ile ya jeli, hufanya kazi katika goti kwa sababu goti liko karibu na ngozi, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo. Amwulize daktari abadilishe.

Tiba yake kubwa haiuzwi na kituo chochote, na pengine ndiyo maana hakuna aliyewaeleza. Ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga kwa mazoezi ya mpango. Denmark ina utaratibu wa kitaifa ulioanza mwaka 2013, uitwao GLA:D, ambao huwapa wagonjwa wa magoti na nyonga elimu na mazoezi ya kuongozwa kabla ya mtu kuzungumzia kisu, na kutoka huko umeenea nchi nyingine. Nyumbani aanze na kiti kirefu kisichoyumba: aketi, ainuke bila kusukuma kwa mikono kama anaweza, ashuke polepole, arudie kadiri anavyoweza, akipumzika katikati. Anyooshe goti akiwa ameketi, alishikilie hewani kidogo, alishushe. Mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, ndipo ahukumu. Goti litauma kidogo wiki za mwanzo. Maumivu yanayotulia kabla ya kesho yake si ishara ya kusagika zaidi. Wengi huacha hapo kwa kuogopa, na kwa kumwambia mama zetu wapumzike tunawadhoofisha misuli iliyokuwa ikiwabeba.

Uzito nao. Kwa vipimo vilivyofanywa kwa wagonjwa wa magoti, kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Mama wa kilo 91 akishusha kilo 8 tu, kwa kupunguza sukari, wali wa usiku na kuonja vitumbua, goti lake linapunguziwa zaidi ya kilo 30 kila anapokanyaga. Na biashara yake aiendeleze, ila jiko lipandishwe juu ya meza ya matofali, akaange akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti kirefu, na nazi ikunwe na mtu mwingine au kwa mashine ya sokoni. Mbuzi na kigoda vinakunja goti hadi mwisho wake na kuligandamiza saa nzima. Choo cha kuchuchumaa vilevile, na kiti cha kuweka juu yake hutengenezwa na fundi yeyote wa mbao. Fimbo aishike mkono wa kulia, kwa kuwa goti baya zaidi ni la kushoto.

Akifanya hayo yote kwa dhati na bado akawa halali usiku kwa maumivu, au tege likazidi, basi kuna upasuaji wa kubadilisha goti kwa kiungo bandia, ambao hufanywa nchini, pamoja na MOI. Huo hauoteshi kitu. Unaondoa nyuso zilizosagika na kuweka chuma na plastiki. Lakini ushahidi wake ni mzito kuliko wa sindano zote nilizozitaja: uchunguzi wa kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa, uliotangazwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba asilimia 82 ya magoti bandia kamili yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kama siku moja familia italazimika kutoa fedha nyingi kwa goti la mama, ningependa zitoke kwa hilo, baada ya kuuliza ofisi ya bima inalipia nini. Aambiwe mapema, hata hivyo, kwamba goti bandia la kawaida hukunjika hadi takribani nyuzi 110 au 120, kwa hiyo kukaa juu ya miguu kwenye tashahudi huenda kusirudi, na kiti chake cha kuswalia kitabaki.

Kaka yako atauliza kama si heri kusubiri sayansi. Basel, Uswisi, kikundi cha Ivan Martin kimechukua seli za gegedu la pua, kikakuza kipande chake na kukipanda katika magoti ya watu 10, matokeo yakatangazwa mwaka 2016, na kazi inaendelea. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2020 kiliotesha gegedu la kweli katika panya kwa kuziamsha seli shina zilizomo ndani ya kiungo chenyewe. Ninazifuatilia kwa furaha. Lakini panya si mama yako, na kazi ya Basel ilianza kwa wagonjwa wenye matundu, yaani watu wa aina yako.

Na ikiwa yeyote kati yenu atachomwa sindano ya goti mahali popote, kwa sababu yoyote, kisha goti likawa la moto, likavimba kwa haraka, likakataa kukunjwa, au homa ikapanda, msingoje kupambazuke na msimeze antibayotiki za nyumbani. Nendeni Bombo saa hiyo hiyo, mseme wazi kwamba kiungo kilichomwa sindano na ni lini, ili ute wake utolewe na kupimwa kabla ya dawa kuanza; bakteria wakiachwa ndani ya goti wanaweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache.